Mteja Aliyeogopa Umeme

Tangu asubuhi Odile alikuwa akiyapanga maneno yake, mguu ukikanyaga cherehani, macho yakifuata pindo la gauni la mteja. "Landry, tuachane." Aliyasema kwa sauti ya chini, yakamkwama kooni. Akajaribu mengine: "Landry, usiningoje tena." Hayo yalipita, ingawa yaliacha uchungu mdomoni kama dawa ya malaria. Basi akachagua hayo.

Mchana ulipopinda alifunika cherehani, akafunga kilemba upya, akatoka. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mto, meusi na mazito. Hakurudi kuchukua mwavuli. Alijua akirudi ndani hatatoka tena.

Stesheni ya Landry ilikuwa kando ya barabara itokayo mjini Kisangani kwenda mtaa wa Tshopo. Palikuwa na paa pana la mabati, safu ya masanduku ya kuchajia yaliyopakwa rangi ya kijani, kila sanduku na waya wake mnene, na ukutani swichi kuu nyekundu yenye mkono mrefu. Madereva wa pikipiki za umeme walikuja hapo kuchaji betri zao. Pikipiki wao waliiita moto, na kuchaji walikuita kulisha. "Ngoja nilishe moto kwanza kwa Landry," wangemwambia abiria, na abiria akangoja.

Yeye na Landry walikutana kwa sababu ya mashati. Landry alimletea kitambaa cha kushona mashati ya kazi, kisha akarudi kulalamika kwamba mfuko haujanyooka. Odile akaunyoosha. Akarudi tena, eti bado umepinda. Odile akaufumua na kuushona upya, midomo imemvimba kwa hasira. Aliporudi mara nyingine, alisimama mlangoni akizungushazungusha funguo mkononi, akakiri kwamba mfuko ulikuwa umenyooka tangu siku ya kwanza. Hasira yote ya Odile iligeuka kicheko, na tangu siku hiyo moyo wake haukuwa wake tena.

Kwa nini basi amwache? Kwa sababu ya mama.

Baba yake Odile, Papa Augustin, alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Alifia juu ya nguzo Odile akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Baada ya matanga, Mama Émilie alimwita jirani, akamwambia akate waya ulioingia nyumbani mwake. Mpaka leo, katika mtaa ambao usiku unasikia maji ya bwawa la umeme yakinguruma, nyumba yao iliwaka taa ya mafuta. Pasi yao ilikuwa ya makaa. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga. Na mama, ambaye umeme aliuita courant, alikuwa na neno moja ambalo hakulibadilisha hata siku moja: "Mutoto yangu haiolewe na mutu wa courant. Nimelia mara moja, inatosha."

Kwa hiyo Odile alidanganya pande zote mbili. Kwa mama alisema kwamba mchumba wake anauza pikipiki. Kwa Landry, kila alipoomba kupelekwa nyumbani kujitambulisha, alisema mama anaumwa, mama amesafiri Yanonge, mama ana wageni. Jumapili iliyopita Landry alichoka.

"Odile, niambie ukweli," alimwambia wakiwa wamesimama mbele ya kanisa. "Unaona haya na miye? Sababu mikono yangu iko chafu?"

"Hapana, Landry."

"Basi nini?"

Odile aligeuza uso kuwatazama waumini wakitoka. Landry akamtazama kwa yale macho yake ya upole, macho ambayo siku zote yalimfanya asahau alichotaka kusema, kisha akaondoka bila kuaga.

Ndiyo maana leo alikuwa anakwenda kuyamaliza.

Alipofika, aliona pikipiki kadhaa zimepangwa kwenye masanduku, na gari dogo la miguu mitatu lililojaa makreti ya samaki. Madereva walikuwa wamekaa wakipiga soga. Mbali nao kabisa, nje kidogo ya masanduku, mahali ambapo hakuna waya, benchi lilikuwa limesogezwa peke yake. Juu yake alikaa mwanamke mmoja aliyejifunga kitenge, liputa la bluu, kikapu cha soko miguuni, kikombe cha tangawizi mkononi.

Odile alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa Mama Émilie.

Kabla hajajua kama akimbie au abaki, Landry alikwisha kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na benchi. Aliinuka, uso ukang'aa ghafla, kisha ukakumbuka ugomvi na kuzimika.

"Mama, ni huyu," alisema. "Ule nilikuwa nakuelezea."

Mama Émilie aliinua macho. Aliyapandisha taratibu kutoka viatu vya Odile hadi kilemba, kama mtu anayeangalia kitambaa kama kina tundu.

"Ah bon," alisema. "Bonjour, mademoiselle."

Odile alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Mama yake hakumufundisha kusalimia?" Mama Émilie alimuuliza Landry.

"Bonjour, mama," Odile alisema kwa sauti iliyokatika.

"Keti hapa." Mama alipapasa benchi kando yake. "Keti, sitakula weye."

Odile alikaa. Bega lake liligusa bega la mama yake, akasikia harufu ya sabuni ileile waliyofulia wote jana.

"Mama huyu aliletwa na moja ya moto zetu," Landry alieleza, hana habari kabisa. "Betri imeisha njiani, dereva akamuleta hapa. Alivyoona nyaya, akatetemeka. Donc nikamusogezea benchi, tukaanza kuzungumuza."

"Mi nilifikiri ile mashini imezimika tangu sokoni," mama alisema. "Haina makelele hata kidogo. Nauliza dereva: Papy, unasukuma kwa miguu? Ananiambia: Mama, hii inatembea na courant. Nikataka kuruka palepale."

Papy, dereva mwenyewe, alicheka kutoka kule alikokaa. Mama hakucheka. Alinywa tangawizi yake kidogo, akageukia Odile.

"Bon, mademoiselle. Huyu kijana ananiambia mama yako iko mugonjwa."

"... Ndiyo, mama."

"Ugonjwa gani?"

"Ya mugongo."

"Pole yake. Na kule Yanonge alisafiri na ule mugongo?"

Odile alitazama vidole vyake. Masikio yalimwaka. Alijua sasa kwamba Landry amesimulia yote, kila uongo aliomlisha, na kwamba mama amekaa hapo akiyameza moja baada ya jingine pamoja na tangawizi.

"Nilimupa mashauri," mama aliendelea kwa utulivu. "Nilimuambia: mwana, binti mwenye anakuficha, hakupendi. Tafuta mwingine. Boyoma, Kisangani yetu hii, iko na mabinti wengi."

"Na weye ulijibu nini?" Odile aliuliza, na kwa mara ya kwanza akamtazama Landry usoni.

Landry alipangusa mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu.

"Nilimuambia siwezi," alisema. "Nimejaribu wiki yote. Siwezi."

Yale maneno aliyoyapanga Odile tangu asubuhi yalitawanyika yote. Machozi yakamjaa. Alitaka kusema, palepale, mbele ya mama na madereva wote, kwamba hata yeye hawezi, lakini mbingu zilimtangulia.

Mvua ya Kisangani haibishi hodi. Ilishuka yote kwa pamoja, upepo ukaisukuma kwa ubavu chini ya paa, na mfereji wa mabati uliokuwa pembeni ukang'oka kwa kishindo. Maji yakamwagika kama ndoo iliyopinduliwa, yakatambaa sakafuni kuelekea kwenye masanduku.

"Mikono juu! Hakuna mutu anagusa kitu!" Landry alipaza sauti. Odile hakuwahi kumsikia akipaza sauti namna hiyo. Aliruka hadi ukutani, akavuta mkono wa swichi nyekundu. Taa za kijani zilizimika zote kwa mara moja.

Kelele zikaanza.

"Landry! Niko na mteja ananingoja kule mjini!"

"Moto yangu ilibakiza kidogo tu!"

Mwenye gari la samaki, bwana mnene aliyeitwa Moïse, alikuja mbele huku maji yakimtiririka shingoni. "Kijana, rudisha courant. Samaki yangu imetoka Yangambi tangu jana. Soko ikifunga, itaoza."

"Itaoza, papa Moïse," Landry alisema. "Weye utabaki."

"Mi nimelipa!"

"Nitakurudishia. Lakini courant hairudi mpaka sakafu ikauke."

Wakamzunguka. Mmoja alimwita mwoga. Mwingine alisema atakwenda kuwaambia wenzake wote wasije tena kwa Landry. Odile aliona mshipa ukimcheza Landry shingoni, lakini uso wake haukubadilika. Aliwapita, akaanza kuzinyanyua nyaya na kuzitundika juu, moja moja, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

Ndipo Moïse alipomwona amegeuka upande wa pili, akaenda moja kwa moja kwenye swichi.

Hakufika. Mbele ya swichi alikuwa amesimama Mama Émilie. Mwanamke aliyekuwa akitetemeka kwa kuona waya kwa mbali alikuwa amepita katikati ya masanduku yote na ameegemeza mgongo wake ukutani, mikono ameitandaza.

"Mama, tafazali, toka," Moïse alisema.

"Sitoki."

"Mama, samaki yangu..."

"Bwana yangu alipanda nguzo siku ya mvua kama hii," Mama Émilie alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu walinyamaza. "Alijua iko mbaya. Aliniambia kwenye mulango: Émilie, leo haifai. Lakini mukubwa wake alikuwa na fete nyumbani, watu wanacheza, alitaka taa. Akamuambia: Augustin, haraka. Na Augustin alikuwa mutu muzuri, alishindwa kukatalia mutu. Akapanda. Waliniletea viatu vyake tu, nivitambue. Kama unataka kugusa hii kitu, papa, nisukume kwanza."

Moïse aliinua mkono, pengine kumwondoa kwa upole, pengine bila kujua anafanya nini. Odile hakungoja kujua.

"Muache mama yangu!"

Alikwisha kukimbia katikati ya maji, akajitupa baina yao, akamkumbatia mama yake kiunoni kama alivyofanya utotoni.

Neno "mama" pale angelisema mtu yeyote. Lakini "mama yangu", kwa sauti ile, hata Papy alielewa. Landry aliacha waya uliokuwa mkononi mwake. Alimtazama Odile, akamtazama mwanamke wa liputa la bluu, akaona paji la uso lilelile na kidevu kilekile.

"Mama yako?" alisema polepole. "Huyu?"

Odile aliitikia kwa kichwa.

Moïse alivua kofia yake iliyolowa. "Pardon, mama," alisema. "Sikujua." Akarudi kukaa kwenye gari lake, na hakuna aliyemwita Landry mwoga tena.

Mvua iliendelea kupiga mabati. Landry alikuja, akasimama mbele yao, ameinamisha kichwa.

"Mama, mi sikujua ni weye. Ningejua, singesema vile vyote."

"Uliposema jina lake, nilielewa. Ndiyo maana nilinyamaza," Mama Émilie alisema. "Mutu mwenye anajua iko mbele ya mukwe, anadanganya. Mi nilitaka kukusikia." Kisha akamgeukia Odile, na sasa macho yake hayakuwa ya mgeni. "Na weye? Muuza moto, eh?"

"Mama, nisamehe. Niliogopa. Ulisema mutu wa courant hapana."

"Nilisema."

"Niliona nikikuambia, nitakuua."

"Odile." Mama alimshika kidevu, akamwinua uso. "Mi nilizika bwana, nikakulea peke yangu. Unafikiri mi ni sahani ya kuvunjika? Ungekuja ukaniambia, ningelia, ningekufokea, tungelala na njaa siku moja. Lakini ungekuja. Ile ndiyo imeniuma. Kusikia habari yako kwa mutu wa barabarani, juu ya benchi."

Odile alilia sasa bila kujificha. Mama alimwacha alie, akampangusa kwa ncha ya liputa, kisha akamtazama Landry aliyekuwa bado amesimama kama mshtakiwa.

"Hata sasa nyaya zako sizipendi," alimwambia.

"Najua, mama."

"Lakini nimeona leo. Batu wote wamekufokea, na umesema hapana. Ile neno, kama Augustin angeijua..." Hakumaliza. Alitazama mvua. "Washa hii kitu yako wakati iko tayari. Nitangoja. Nataka kukuona."

Mvua ilipokatika, jua lilitoka bila aibu. Landry alipiga sakafu deki, akafuta kila sanduku, akapima hapa, akapima pale, akarudi kupima tena. Madereva walimsaidia kusukuma maji nje. Hata Moïse alichukua fagio. Hakuna aliyemharakisha.

Hatimaye Landry alisimama mbele ya swichi, akageuka kumtazama Mama Émilie, kama anayeomba ruhusa. Mama alishika mkono wa Odile. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Washa," alisema.

Landry akapandisha mkono wa swichi. Taa za kijani ziliwaka, moja baada ya nyingine, kimya kimya. Hakuna kilicholia, hakuna kilichotoa moshi. Odile alisikia pumzi ndefu ikimtoka mama yake, ndefu mno, utadhani alikuwa ameibana tangu siku ile walipomletea viatu.

"Bon," mama alisema. "Bon."

Pikipiki ya Papy ilipokuwa imeshiba, Landry alitaka kumwitia Mama Émilie dereva mwingine, wa pikipiki ya mafuta. Mama alikataa, akapanda, akajipangia liputa vizuri.

"Jumapili baada ya misa," alimwambia Landry. "Uje na wakubwa wako. Mi sipokei mukwe mwenye anakuja peke yake kama mwenye kukusanya madeni."

"Aksanti, mama. Aksanti sana."

Odile alitaka kupanda nyuma yake. Mama alimzuia kwa mkono.

"Weye baki. Muko na maneno."

Pikipiki iliondoka bila sauti, na wakabaki wamesimama, viatu vimelowa, hawajui pa kuanzia.

"Nilikuja kukuacha leo," Odile alisema.

"Nilijua. Nilikuona vile ulikuja."

"Nilikuwa nimepanga na maneno."

"Niambie basi, nisikie."

Odile aliyatafuta yale maneno ya asubuhi, akakuta hayapo. Akatikisa kichwa, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi yaliyobaki. Landry alimshika mikono yote miwili. Alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi, na Odile aliona hajawahi kumwona mzuri hivyo.

"Usinifiche tena," Landry alisema. "Hata kama ni kitu kibaya. Usinifiche."

"Sitakuficha."

"Kweli?"

"Kweli, Landry. Nimechoka kuficha. Nilikuwa nalala nimechoka, naamuka nimechoka." Na alipoyasema hayo alihisi mabega yake yakishuka, kama mwanamke anayetua ndoo ya maji baada ya mlima.

Landry alitoa simu, akampigia mjomba wake, Tonton Hubert, kule Isangi. Simu ilishikwa katikati ya ngurumo za injini ya mtumbwi. Landry akaongeza sauti ili wasikie wote wawili.

"Tonton! Jumapili unakuja Kisangani! Wamekubali!"

"Nani amekubali?" sauti ilipiga kelele upande wa pili.

"Mama yake!"

"Mama? Asante Mungu! Na mwanamuke mwenyewe, amekubali?"

Landry alishusha simu. Alimtazama Odile, mdomo wazi, na Odile naye akamtazama. Katika mambo yote ya siku ile, hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Madereva walikuwa wameacha soga, Moïse ameegemea fagio, wote wamegeuka.

"Anauliza," Landry alisema, "kama na weye..."

Odile alimnyang'anya simu.

"Amekubali, Tonton!" alipaza sauti juu ya injini na mto na kila kitu. "Amekubali zamani!"

Stesheni nzima ikalipuka kwa vigelegele na vifijo, na kule Isangi, katikati ya maji, mtu mzima alisikika akipiga mluzi.